Miaka Minne ya Maharage ya Tamim

Mimi ndiye yule mtu ambaye ofisi nzima ya kodi ilimcheka mpaka mlinzi wa mlangoni akaingia kuuliza kuna nini, na alipoelezwa akacheka kuwapita wote. Nalisema mapema kwa sababu Juba ni mji mdogo wa maneno, na habari hii imeshazunguka bandarini na kurudi ikiwa imeongezwa mambo, kwa hiyo bora mnisikie mimi mwenyewe niliyekuwapo, na ambaye hesabu zake huwa sahihi. (Huwa. Subirini.)

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu magunia pale bandari ya mtoni. Tishari, ile mashua pana ya chuma inayobeba mizigo kwenda kaskazini na kurudi, likifunga kamba, mimi nasimama na ubao na kalamu. Gunia linapita begani kwa mchukuzi, nachora mstari, na wakimaliza nahesabu mistari yote upya kuanzia mwisho kuja mwanzo. Ndiyo maana wachukuzi walinibatiza Mara Mbili. Jina lilinikaa vizuri, maana hata nyumbani ndivyo nilivyo: nahesabu chenji mara mbili, nahesabu vikombe mara mbili, nahesabu watoto mezani mara mbili (ni watatu, hawajawahi kuongezeka wala kupungua, bado nahesabu). Na sijawahi kulipa bei ya kwanza ya kitu chochote, hata jeneza la baba mkwe wangu nilipatana, na marehemu angenisifu.

Sasa mwaka jana, wakati wa mvua, waya wa winchi uliukamata mkono wangu wa kulia. Sitalisimulia hilo kwa urefu. Vidole vitatu vilibaki bandarini, na viwili nilivyorudi navyo nyumbani vimekauka kama vijiti, havishiki kalamu. Karani asiyeshika kalamu ni mtu tu aliyesimama juani. Lakini kampuni ilikuwa na bima ya ulemavu kwa ajili ya wafanyakazi, na baada ya daktari kuandika aliyoyaandika, nikaanza kulipwa kila mwezi kupitia ofisi moja ya bima huko Hai Amarat, pesa pungufu kidogo ya mshahara wangu, kwa muda wa miaka mitatu. Si nyingi, ila zinakuja.

Mimi na mke wangu Keji tukakaa tukapanga. Karibu na lango la bandari kulikuwa na kibanda cha mabati kinachopangishwa, na kila mfanyabiashara anayepita pale analalamika kwamba hakuna mizani ya kuaminika, kila mtu anapima kwa macho. Tukasema tutafungua kibanda cha mizani. Kusoma mizani hakuhitaji vidole kumi, kunahitaji macho mawili na sifa ya kutodanganyika, na sifa hiyo nilikuwa nayo. Mwenye kibanda alitaka kodi ya miezi sita mbele. Nikapatana naye wiki tatu, nikanywa chai yake vikombe visivyo na idadi (kumi na tisa), mpaka akashuka hadi miezi minne, ila akaweka siku: pesa iwe mkononi mwake Ijumaa, ikipita Ijumaa anampa muuza simu aliyekuwa anakinyemelea. Pesa tulikuwa nayo, tuliyoibana kwenye malipo ya bima ya miezi minane.

Jumatatu ya wiki hiyohiyo ikaja barua kutoka ofisi ya kodi. Ilisema kwamba malipo ninayopokea ya bima ya ulemavu huenda ni mapato yanayotozwa kodi kama mshahara, kwa hiyo nifike Jumatano nikiwa na ushahidi wa nani aliyekuwa akilipia bima hiyo, la sivyo kodi itakatwa kuanzia malipo yajayo, pamoja na ya miezi minane iliyokwisha pita. Nikakaa chini nikapiga hesabu ya kodi ya miezi minane. Nikairudia. Mara zote mbili ilikula kibanda.

Keji aliisoma barua ile akiwa anachambua mboga, akaiweka chini, akaniambia hivi, na naomba mkumbuke maneno yake maana mimi sikuyakumbuka wakati yalipohitajika: “Baba Yeno, nenda peke yako. Beba zile slipi zako za mshahara. Ukiulizwa, jibu. Usipoulizwa, nyamaza. Usiende kupatana bei na serikali.”

“Mimi napatana na nani?”

“Na jeneza ulipatana.”

Hapo ndipo uamuzi mdogo ulipofanyika, mdogo kabisa, wa njiani tu: niliamua kwamba sitaenda peke yangu, nitaenda na shahidi, na sitangoja kuulizwa, nitasema kwanza, kwa sababu katika kupatana anayesema kwanza kwa sauti ndiye anayepanga bei. Ili mwelewe kwa nini, lazima nirudi nyuma kidogo, na huku nyuma ndiko aibu ilikokuwa imelala miaka yote ikinisubiri.

Siku kampuni ilipotangaza kwamba inaleta bima, miaka mitano iliyopita, meneja alituita uani akasema gharama yake itatoka kwenye mishahara. Nikasimama. Nikamwambia meneja mbele ya wachukuzi wote kwamba sisi hatukatwi hata senti, winchi ni ya kampuni, waya ni wa kampuni, basi na bima ilipwe na kampuni, ama sivyo atayahesabu magunia yeye mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Meneja akanitazama muda, akasema, “Nimekusikia, karani.” Basi. Mimi nikatoka pale nimeshinda. Nilinunua soda. (Baadaye kulibandikwa karatasi ukutani, imeandikwa Kiingereza upande mmoja na Kiarabu upande wa pili, lakini mtu aliyeshinda hasomi karatasi za ukutani.)

Na ushahidi wa ushindi wangu ulikuwa kwenye slipi. Mhasibu wetu alikuwa ustaz mmoja aliyesomea Khartoum, mpole, mwandiko mzuri, anayechanganya Kiingereza na Kiarabu kwa herufi za Kizungu. Kila mwezi slipi yangu ilikuwa na mistari ileile: mshahara, chini yake Dariba, na hilo kila mtu Juba analijua, dariba ni kodi, hata mtoto anaogopa, halafu baada ya dariba, makato mengine madogo yameandikwa Tamin. Hakuna palipoandikwa bima. Nilitafuta. Mimi Kiswahili nilikipata utotoni Arua tulipokuwa wakimbizi, nikaja kukinyoosha shuleni Eldoret, na Kiarabu changu ni cha kununulia nyanya, kwa hiyo kwangu bima ni bima, na kama haikuandikwa haikukatwa.

Na Tamin je? Tamin nilimjua. Tamin alikuwa ni Tamim, Msomali wa Garissa aliyekuwa na jiko nje ya lango letu, aliyetulisha wafanyakazi wote ugali na maharage mchana. Ni wazi kwamba chakula chetu kinakatwa kwenye mshahara, na ni wazi kwamba ustaz ameshindwa kuandika jina la mtu vizuri. Nilimsamehe. Ila niligundua pia (kwa kuchungulia slipi za wenzangu, tabia ninayoikiri) kwamba makato yangu ya Tamin yalikuwa makubwa kuliko ya wachukuzi. Sasa nyinyi mnaonijua mnadhani nilifanya nini? Kila mchana, kwa miaka minne na miezi mitatu, nilisogeza sahani yangu kwa Tamim nikamwambia, “Ongeza. Changu ni kikubwa kuliko cha hawa.” Naye aliongeza upawa mmoja, akinitazama kwa huruma fulani ambayo wakati ule niliiita heshima.

Basi Jumatano asubuhi nikampitia Tamim, nikamweleza kwamba namhitaji ofisini kwa dakika kumi, aje athibitishe tu kwamba mimi ni mtu wa kampuni na kwamba nilikuwa nakula kwake. Tamim hakuelewa, lakini ni mtu wa watu, akamwachia mkewe jiko, akavaa kofia safi.

Ofisi ilikuwa imejaa. Mabenchi matatu, feni moja, na meza iliyokaliwa na mwanamke wa makamo mwenye miwani, ambaye kila mtu alimwita Madam, akipiga mihuri kama anayetwanga. Tulikaa karibu na mama mmoja mnene mwenye ndoo ya samaki wakavu, aliyekuja kwa mambo ya leseni ya kibanda chake. Akaniuliza nimeletwa na nini. Ningeweza kusema “karatasi tu”. Badala yake nikamsimulia ushindi wangu wote, uani, makofi, meneja, soda, na kwa kuwa sauti yangu imezoea kushindana na injini za boti, benchi zima likageuka. Kijana wa bodaboda akaniomba nirudie ile sehemu ya “atayahesabu magunia yeye mwenyewe”. Nikairudia.

Mama wa samaki akasema, “Baba, wewe unajua kusema. Mimi nikiitwa pale mbele utanisemea?”

“Nitakusemea, mama.”

“Na bei yako?”

“Samaki wawili.”

“Mmoja.”

Tulikubaliana mmoja na nusu. Nawaeleza haya ili mjue nilikuwa nimepanda juu kiasi gani kabla sijashuka.

Nikaitwa. Madam alikulia Khartoum, Kiswahili chake ni cha sokoni kama Kiarabu changu kilivyo cha sokoni, tukakutana katikati. Alifungua faili, akasema, “Mzee, mimi iko na swali moja tu…”

“Madam,” nikasema, “kabla ya swali. Kampuni ililipa yote. Bima ile ni zawadi ya kampuni, mimi sikukatwa hata senti moja, nilipigania hilo mwenyewe mbele za watu. Kwa hiyo si mapato. Zawadi haina kodi. Andika hivyo tumalize.”

Akavua miwani. “Wewe nasema kampuni nalipa yote?”

“Yote.”

“Wewe hapana lipa kitu?”

“Hata senti.”

“Wewe iko tayari kuandika hii na kuweka saini?”

Nilikuwa tayari. Nikaandika kwa mkono wa kushoto, herufi zangu zikiyumba kama walevi, kwamba kampuni ndiyo iliyolipia bima yote na mimi sikukatwa. Nikasaini. Nikageuka nikawaangalia watu wa benchi, na yule kijana wa bodaboda akaniinulia kidole gumba.

Madam akauchukua muhuri, akaubonyeza kwenye wino, kisha akasema taratibu, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba amevaa shati kinyume: “Basi kodi nakatwa. Sikiza, mzee. Sisi nauliza jambo moja: nani alilipa bima. Kama kampuni nalipa, na wewe hapana lipa, basi hii pesa nakuja mahali pa mshahara, nakatwa kama mshahara, na miezi minane ya nyuma pia. Kama wewe nalipa kwa pesa yako, pesa ile ilishakatwa dariba, hapo hatukati tena, serikali hapana kula mara mbili. Wewe nasema kampuni. Nimeandika. Kalas.”

Ndugu zangu, niliona kibanda changu kikiondoka. Nilikiona kabisa, mabati na yote, na muuza simu ndani yake akipanga simu. Mdomo wangu ukaanza kupatana wenyewe kabla sijauagiza. Nikasema Madam, tuseme nusu. Nusu kampuni, nusu mimi. Akasema hapana. Nikasema basi robo. Nyuma yangu mama wa samaki akasema, “Huyo ndiye atanisemea,” na benchi likacheka mara ya kwanza, kicheko kidogo tu, cha kuanzia.

“Hapa si kwa kupatana, mzee,” Madam akasema. “Hapa ni karatasi. Iko na karatasi?”

Karatasi nilikuwa nazo. Slipi hamsini na moja, nimezifunga kwa uzi, zimepangwa kwa miezi. Nilizibeba ili zithibitishe kwamba sikukatwa bima, na sasa zilikuwa zinathibitisha kitu nisichokitaka tena, lakini Madam alikuwa amenyoosha mkono, nikampa. Akafungua ya kwanza. Akafungua ya pili. Akaenda katikati, akafungua moja, akaenda mwisho. Halafu akageuza ya juu, akaweka kucha yake chini ya mstari mmoja.

“Na hii?”

“Hiyo siyo yenyewe, Madam. Hayo ni maharage.”

“Maharage?”

“Chakula cha mchana. Tamin. Huyu hapa.” Nikamvuta Tamim mbele kwa mkono wangu mzima. “Jina lake limekosewa herufi moja tu, mhasibu wetu hakuwa mzuri wa majina. Ni Tamim. Nimemleta mwenyewe.”

Madam akamtazama Tamim, akaitazama slipi, akanitazama mimi. Mdomo wake ulianza kucheza pembeni. “Mzee, hii ni tamin.”

“Ndiyo. Tamim.”

“Tamin.”

“Huyu.”

“Mimi?” Tamim akauliza. “Karani, mimi sijawahi kulipwa na mshahara wako. Kampuni ilikuwa inanilipa kwa mwezi, mkupuo mmoja, kwa ajili ya watu wote. Chakula kilikuwa cha bure. Kila mtu anajua.”

“Mimi nilikatwa,” nikasema. “Na nilikatwa zaidi ya wachukuzi. Ndiyo maana ulikuwa unaniongezea upawa.”

Tamim akashika kofia yake. Ni mtu mwenye adabu, niliona anatafuta njia ya kulisema polepole, na hakuna njia. “Nilikuwa nakuongezea kwa sababu nilidhani una minyoo,” akasema. “Kila siku unaomba, na hunenepi. Nikamuuliza mke wangu, akasema wewe mpe tu, masikini.”

Hapo benchi halikucheka kidogo. Mama wa samaki aliweka ndoo chini ili acheke vizuri. Mimi bado, naapa, nilikuwa nimesimama pale nikijaribu kumtetea ustaz na herufi yake, mpaka Madam alipofuta macho, akavaa miwani, na kuninusuru kwa kunimaliza kabisa.

“Mzee, tamin si mtu. Tamin ni Kiarabu. Ni ile nyinyi watu wa Uganda naita bima.”

Kuna ukimya unaokuja kabla kicheko kikubwa hakijapata pumzi. Katika ukimya huo niliyaona yote kwa mpigo: uani, makofi, meneja na lile neno lake, nimekusikia, ambalo miaka yote nililichukua kuwa ni nimekubali na kumbe lilikuwa ni nimekusikia tu, karatasi ya ukutani, ustaz mpole aliyeandika tamin kwa sababu ndilo neno lenyewe, tena bila kukosea hata herufi, na mimi, Mara Mbili, nikisoma neno moja mara hamsini na moja na kulielewa mara sifuri. Nilikuwa nimekatwa bima tangu mwezi wa kwanza. Makato yangu yalikuwa makubwa kuliko ya wachukuzi kwa sababu mshahara wangu ulikuwa mkubwa kuliko wao, basi. Kisha kicheko kikafika. Ndipo mlinzi alipoingia.

Lakini ninyi mnaohesabu pamoja nami mmeshaliona lililokuwa limekaa mezani. Mimi nililiona mwisho kuliko watu wote, hata mama wa samaki alilitangulia, akasema huku akijipepea na leseni yake, “Sasa baba, si Madam amesema mwenye kulipa mwenyewe hakatwi?”

Nikamgeukia Madam. Kucha yake ilikuwa bado pale kwenye slipi, lakini sasa ilikuwa inapanda mstari mmoja juu. “Tazama hapa,” akasema, na sauti yake haikuwa na kicheko tena, ilikuwa ya mtu anayefurahia karatasi iliyonyooka. “Dariba kwanza. Tamin nyuma yake. Hii pesa ilishakatwa kodi, ndiyo nalipa bima. Kila mwezi. Hamsini na moja?”

“Hamsini na moja,” nikasema. “Unaweza kuhesabu tena.”

“Mimi naamini. Shida ni hii.” Akainua ile karatasi yangu ya mkono wa kushoto. “Wewe ulisaini kampuni nalipa yote. Mimi siwezi kutupa karatasi yenye saini. Andika ingine. Useme ya kwanza ni kosa, na useme kwa nini.”

“Tuandike kosa la lugha.”

“Kosa ya nani?”

“La lugha tu, Madam. Lugha ni nyingi.”

“Mkubwa wangu nasoma hii faili. Yeye nauliza: mtu naapa asubuhi hakulipa, saa moja baadaye naapa alilipa, kwa nini? Kama sababu haiko, yeye anasema huyu mjanja, amenusa kodi akageuza maneno. Andika sababu yenyewe.”

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililouma. Kila ujanja niliokuwa nao ungeifanya ile karatasi inuke ujanja. Kitu pekee kilichoweza kukiokoa kile kibanda kilikuwa ni mimi kukiri kwa mwandiko wangu, mbele ya benchi tatu, kwamba sikuwa mjanja hata kidogo. Nikakaa. Nikaandika. Mkono wa kushoto hauna haraka, watu walipata nafasi ya kutulia na kungoja, na nilipomaliza Madam akasema lazima isomwe kwa sauti mbele ya shahidi, na shahidi ni Tamim, na Tamim hasomi haraka, kwa hiyo Madam akaisoma yeye mwenyewe, kwa lafudhi yake, amesimama wima, kama anasoma injili:

“Mimi niliyetajwa hapo juu nasema kwamba nilikatwa bima ya ulemavu kila mwezi kwa miezi hamsini na moja, kutoka kwenye mshahara wangu uliokwisha katwa kodi, na kwamba maelezo yangu ya kwanza yalikuwa ya kosa, kwa sababu sikujua maana ya neno tamin, na nilidhani ni maharage.”

Nilimwomba aondoe maharage. Akasema maharage ndiyo sababu. Tamim akasaini kama shahidi, na chini ya jina lake Madam akamtaka aandike kazi yake, akaandika: mpishi wa maharage yanayotajwa hapo juu.

Muhuri ukashuka. Nakumbuka sauti yake, nzito na ya kirafiki. Malipo yangu hayatakatwa, wala ya miezi minane iliyopita hayataguswa, na barua ya kwenda kwa watu wa bima Hai Amarat akaiandika palepale. Aliponipa nakala akaniambia kwa upole, “Malesh, pole, mzee. Kwa mkono, na kwa kicheko.” Nikamwambia mkono ulikuwa umeshapoa, kicheko ndicho kipya.

Mama wa samaki alikataa katakata nimsemee. Lakini nilipokuwa napita akanitia samaki mmoja mkononi, mzima, akasema ni wa bure na hakatwi popote.

Tulirudi kwa miguu, mimi na Tamim. Njiani nikamwomba msamaha kwa zile pawa. Nilikuwa nimeshazihesabu kichwani, na nilikuwa karibu kumtajia idadi, akanizuia kwa kiganja. “Karani, chakula kilikuwa chako na cha juu yake nilitoa mwenyewe. Usiniharibie sadaka kwa hesabu.” Hatua chache mbele akasema, “Lakini kweli huna minyoo?”

Keji alikuwa mlangoni. Nilimpa samaki, nikampa nakala. Alisoma mpaka kwenye maharage, akakaa kwenye kigoda, akafunika uso kwa kanga, na mabega yake yakaanza kutikisika, nami nikangoja, kwa sababu alikuwa na haki ya kucheka kuliko benchi zote tatu. Alipojifunua akauliza jambo moja tu. “Uliongea kabla hujaulizwa?”

“Niliongea.”

“Ijumaa nitaenda mimi kwa mwenye kibanda. Wewe utabeba pesa.”

Ijumaa nilibeba pesa. Keji akaweka mkataba mezani, na kila neno nisilolijua nikamuuliza mwenye kibanda maana yake, na kila neno nililolijua nikamuuliza pia, mpaka masikini yule akachoka, akasema angejua tungekaa hivi angetuachia kwa miezi mitatu. Nilifungua mdomo kuishika hiyo mitatu. Keji akanikanyaga. Tukalipa minne.

Kwa hiyo nimeapa, na kiapo changu ni kifupi ili nisisahau: sitasema kabla sijaulizwa, na sitasaini neno ambalo sijamuuliza mwenye lugha yake, hata kama nimelisoma mara hamsini na moja. Kuhesabu mara mbili nimeendelea nako, wateja wanapenda. Mizani ilikuja wiki iliyofuata, nzito, ya chuma cha kijani, na gunia la kwanza kupanda juu yake lilikuwa la Tamim, maharage, kilo hamsini na mbili badala ya hamsini alizolipia, na alifurahi mpaka akataka nimrudishie muuzaji zile mbili, kisha akabadili mawazo.

Ubao wa juu ya mlango niliuandika mwenyewe kwa rangi nyekundu, kwa mkono wa kushoto, siku mbili nzima: MIZANI YA TAMIN. Watu wa bandarini sasa wananiita Mzee Tamin, wageni wanadhani ndilo jina langu, na siwakatazi, kwa sababu kila mwezi tamin ndiyo inayonilisha. Tamim alikuja kuuona rangi ikiwa bado mbichi. Alisimama na upawa wake mkononi, akausoma polepole, herufi kwa herufi, akatingisha kichwa.

“Karani, hapo mwisho umekosea jina langu.”

“Sijakosea,” nikamwambia. “Safari hii nimeuliza.”